Kula Nje ya Nyumbani Mjini Accra: Historia ya Chop Bar na Ushahidi wa Maneno

Katika maandishi mengi yahusuyo miji ya Afrika Magharibi, habari za mahali pa kulia chakula huanzia kwenye hoteli za Wazungu. Mwandishi hueleza kwanza hoteli ya watumishi wa serikali ya kikoloni, kisha klabu yao, kisha mikahawa ya Walebanoni, na mwisho kabisa, kama jambo la kuongezea tu, hutaja wanawake wapikao kando ya barabara. Mpango huo wa kusimulia wampa msomaji dhana kwamba desturi ya kununua chakula kilichopikwa na kukila pale pale kwa mpishi ililetwa na wageni kwa merikebu, na wenyeji wakaiga. Nia ya makala haya ni kuonyesha, kwa mfano wa Accra, mji mkuu wa Ghana, ya kuwa mpango huo hauna budi kupinduliwa: mpishi wa barabarani ndiye wa kwanza, na hoteli ndiyo iliyofuata.

Ushahidi wetu ni wa namna mbili. Namna ya kwanza ni habari zilizoandikwa na wasafiri na wanachuoni. Namna ya pili ni maneno yenyewe. Wapishi wa Accra hawakuacha vitabu vya hesabu wala barua. Wengi wao hawakupelekwa shule. Lakini waliacha majina ya vyakula, ya vyombo na ya mahali, na majina hayo yana historia ndani yake kwa yule atakayejitahidi kuyasikiliza.

Mji na mkate wake

Accra ni mji wa Waga. Kabla haujawa makao ya serikali, ulikuwa mkusanyiko wa mitaa ya wavuvi na wafanya biashara iliyozunguka ngome tatu za Wazungu: ile ya Waholanzi iliyojengwa mwaka wa 1649, ya Wadenmark, Christiansborg, ya mwaka wa 1661, na ngome ya James ya Waingereza ya mwaka wa 1673. Mwaka wa 1877 Waingereza walihamisha makao makuu ya koloni ya Gold Coast kutoka Cape Coast wakayaleta Accra.

Chakula kikuu cha Waga ni kile kiitwacho kenkey, nao wenyewe hukiita kɔmi. Mahindi hulowekwa, husagwa, na unga wake hukandwa na kuachwa siku kadhaa hata uchachuke. Kisha sehemu ya donge hilo hupikwa juu ya moto, huchanganywa na sehemu iliyobaki mbichi, hufinyangwa kuwa tonge kubwa, hufungwa kwa maganda ya mahindi na kuchemshwa kwa muda mrefu. Huliwa kwa samaki wa kukaanga na pilipili iliyosagwa. Kwa kuwa mahindi yalitoka Amerika na kufika pwani hiyo katika zama za Wareno, kenkey ya namna hii haiwezi kuwa na umri wa kuvuka karne ya 16. Hata hivyo, Pieter de Marees, Mholanzi aliyechapisha kitabu chake juu ya pwani hiyo mwaka wa 1602, aliwaona wanawake sokoni wakiuza mkate wa mahindi, naye alistaajabia bidii yao ya kutembea mwendo mrefu wakiwa na mizigo kichwani.

Jambo hili lafaa kutiwa maanani. Kenkey ni chakula ambacho tabia yake yenyewe yataka kiuzwe. Kazi yake ni ya siku nyingi, yahitaji vyungu vikubwa na kuni tele, na si rahisi mtu kuipika kwa ajili ya mlo mmoja wa watu wanne. Aidha, kenkey iliyokwisha kufungwa hukaa siku kadhaa bila kuharibika, hata mvuvi aweza kuichukua baharini. Kwa hiyo mwanamke apikaye hupika kwa ajili ya mtaa mzima, na jirani hununua. Hapo twaona ya kuwa biashara ya chakula kilichopikwa ilikuwako Accra kabla ya hoteli yo yote, nayo ilikuwa mikononi mwa wanawake. Claire Robertson, katika kitabu chake cha mwaka wa 1984 juu ya wanawake wa Accra, ameonyesha jinsi kazi hiyo ilivyorithiwa na binti kutoka kwa mama, na jinsi ilivyowapa wanawake fedha zilizokuwa zao wenyewe.

Chakula kiendacho kwa miguu

Lakini kununua kenkey na kwenda nayo nyumbani ni jambo moja, na kuketi mahali pa mpishi ukala ni jambo jingine. Ili kuelewa lile la pili lilianzaje, yafaa tutazame nyumba.

Katika mitaa ya kale ya Waga, mume na mke hawakukaa nyumba moja. Wanaume walikaa pamoja katika uwanja wao, na wanawake na watoto wao wadogo katika uwanja mwingine. Mke alipika kwake, kisha chakula kikachukuliwa kupelekwa kwa mume. Desturi iliyofanana na hiyo ilikuwako kwa Waasante pia. Meyer Fortes, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1940, alieleza jinsi watoto walivyoonekana jua likichwa wakikimbia huku na huku na vyungu vya chakula kutoka nyumba za mama zao kwenda nyumba za baba zao. Chakula ndicho kilichotembea, si mlaji. Na chungu kile kilichovuka barabara mbele ya macho ya watu wote kilikuwa tangazo: fulani ana mke, na mke huyo ameridhika naye.

Sasa na tumfikirie mtu asiye na chungu cha kumjia. Kakao ya Gold Coast ilipostawi, hata kufikia mwaka wa 1911 nchi hiyo ikawa ya kwanza duniani kwa kuuza kakao, na reli ya kutoka Accra ilipofika Kumasi mwaka wa 1923, wageni walimiminika mjini: makarani wa Kifante, wachukuzi kutoka kaskazini, maaskari, madereva wa malori, mafundi. Mwaka wa 1911 watu wa Accra hawakufika 20,000; hesabu ya mwaka wa 1948 ilikuta wamepita 130,000. Wengi wa wageni hao walikuwa wanaume waliowaacha wake na mama zao mbali. Walikaa vyumba vya kupanga ambamo hamkuwa na jiko, nao hawakuwa na mtoto wa kuwaletea chungu jioni. Kwa watu hao, ilibidi mlaji atembee, kwa kuwa chakula hakikuweza kumfuata.

Hiyo ndiyo asili ya chop bar. Mwanamke aliyekuwa akipika uani mwake aliweka benchi na meza, akaongeza paa la makuti au la bati, na mgeni akaketi. Mkahawa wa Accra haukuzaliwa kwa watu kutamani anasa. Ulizaliwa kwa sababu kulikuwa na watu wasio na mtu wa kuwapikia.

Neno chop na ukoo wake

Hebu tulitazame jina. Neno chop ni la Kiingereza cha pwani, ile lugha ya biashara iliyokua baina ya mabaharia na wenyeji, na humo maana yake ni kula, na pia chakula. Wakoloni wenyewe walilichukua: sanduku la vyakula alilosafiri nalo mtumishi wa serikali liliitwa chop box, na mlo wao wa Jumapili wa kuku na mchuzi wa mawese uliitwa palm-oil chop. Upande wa wenyeji, fedha anazotoa mume ili mke anunue vitu vya kupika huitwa chop money hata leo, na mume asiyezitoa huhesabiwa kuwa ameivunja ndoa kabla ya hakimu hajasema neno.

Lakini maana za chop hazikukoma hapo. Mtu huweza ku-chop fedha, yaani kuzitumia hata zikaisha, au kuziiba zikiwa amana. Maana hizi hazikutoka Uingereza. Asili yake yaonekana wazi tukitazama lugha za Kiakan, ambazo kitenzi chake cha kula ni di. Kitenzi hicho kina mawanda makubwa mno: di asɛm ni kuamua shauri, di hene ni kutawala, di ade ni kurithi, di adanse ni kutoa ushahidi, di agorɔ ni kucheza. Kamusi ya J. G. Christaller, iliyochapishwa Basel mwaka wa 1881, ndiyo hazina ya kwanza kubwa ya matumizi ya namna hii. Basi yaonekana wasemaji walichukua sauti ya Kiingereza wakaijaza roho ya lugha zao.

Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Sisi nasi hula kiapo, hula njama, hula hasara, hula rushwa, na mzee husemwa amekula chumvi nyingi. Sidai kwamba Kiswahili na Kiakan vimeazimana. Ninachosema ni kwamba lugha zilizoko mbali zaweza kulipa tendo la kula kazi moja, ile ya kueleza jinsi kitu kilicho nje ya mtu kinavyoingia na kuwa chake.

Neno la pili, bar, lataka tahadhari. Kwetu baa ni mahali pa ulevi. Mjini Accra anayetaka bia huenda mahali paitwapo spot. Chop bar ni ya chakula kwanza, japokuwa kinywaji huweza kupatikana. Na kwa kulinganisha, jina letu mkahawa latokana na kahawa, kana kwamba mtu alikwenda pale kwa kunywa na kuzungumza, na chakula kikaja baadaye. Jina la Accra halina sitara hiyo. Linasema waziwazi: hapa watu hula.

Lugha zilizoketi meza moja

Aingiaye chop bar saa sita mchana hukuta kwanza mlio wa mchi. Vijana husimama wakitwanga mihogo na ndizi za kupika zilizochemshwa, katika kinu kiitwacho waduro kwa mchi mrefu uitwao wɔma, na mwanamke aliyeketi kando huugeuza mkono wake ndani ya kinu baina ya pigo na pigo bila kuumia. Hicho ni fufu, chakula cha Waakan. Huliwa ndani ya mchuzi, nkwan: abenkwan ni wa mawese, nkatenkwan ni wa karanga, na nkrakra ni mchuzi mwepesi wa nyanya na pilipili. Mlaji hunawa, huagiza kwa kutaja madonge mangapi na vipande vingapi vya nyama au samaki, naye hula kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ukionekana katika bakuli ni aibu kwake. Bakuli lenyewe mara nyingi ni la udongo, asanka, lenye mikwaruzo ndani ya kusagia pilipili. Chakula kikiisha, mpishi hufunga; hapana kumpikia mtu aliyechelewa.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba fufu si chakula cha Waga, wenye mji. Kililetwa na Waakan waliohamia, na chop bar ndiyo iliyokipa uraia wa Accra. Vivyo hivyo yalikuja mapishi ya kaskazini kwa njia ya zongo, yaani mitaa ya Wahausa na Waislamu wengine, kama ule wa Sabon Zongo ulioanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Huko ndiko kulikotoka tuo zaafi, ambao kwa Kihausa ni tuwo zafi, ugali wa moto. Huko pia ndiko kulikotoka waakye, wali uliopikwa pamoja na kunde na majani ya mtama yanayoutia rangi nyekundu iliyoiva. Jina lake kamili kwa Kihausa ni shinkafa da wake, wali na kunde. Mjini Accra wali umedondoka katika jina, ingawa haukudondoka katika sahani, na zikabaki kunde peke yake. Juu yake hutiwa tambi, ambazo huitwa kwa neno la Kihausa, talia, na sosi nyeusi ya pilipili iitwayo shito, ambalo ni neno la Kiga lenye maana ya pilipili tu. Katika jani moja la waakye, basi, Kihausa na Kiga hukutana, na mlaji huweza kuwa Mwewe asiyesema hata moja ya lugha hizo nyumbani kwake.

Siasa ya mlangoni

Wakati huo huo milango mingine ilikuwa imefungwa. Klabu za Wazungu katika makoloni ya Kiingereza zilikuwa za Wazungu, na hata hoteli zilizodai kuwa wazi kwa wote hazikuwa hivyo. Mwaka wa 1947 hoteli moja ya Lagos ilimkatalia nafasi Ivor Cummings, afisa wa Wizara ya Makoloni mjini London, ilipogundulika kwamba ni mtu mweusi. Kelele zilizofuata zililazimisha serikali ya Nigeria kupiga marufuku ubaguzi wa namna hiyo.

Accra ilikuwa na hoteli zake. Richard Wright, mwandishi Mweusi wa Marekani, alipozuru Gold Coast mwaka wa 1953 alikaa kwa muda katika hoteli ya Seaview, mtaa wa James Town, na habari zake zimo katika kitabu chake cha mwaka wa 1954. Muziki wa highlife ulifanya klabu za usiku kuwa mahali ambapo tabaka jipya la makarani na wanasheria lilijionyesha. Louis Armstrong alipofika Mei 1956, alipiga tarumbeta pamoja na E. T. Mensah. Uhuru ulipokaribia, ilijengwa hoteli ya Ambassador ili wageni wa sherehe za Machi 1957 wapate pa kulala na kula. Nchi mpya ilitaka mezani pake pawe na heshima.

Haikupita hata miezi minane, heshima hiyo ikajaribiwa. Oktoba 1957 Komla Gbedemah, Waziri wa Fedha wa Ghana, alisimama katika mkahawa wa kando ya barabara huko Dover, jimbo la Delaware, Marekani, akaagiza maji ya machungwa. Aliambiwa kwamba watu weusi hawaruhusiwi kuketi na kunywa humo. Habari zilipoenea, Rais Eisenhower alimwalika kula naye chakula cha asubuhi Ikulu. Tukio hilo lajulikana sana. Lakini lisilosemwa ni kwamba siku ile ile, mjini kwao waziri huyo, mamia ya benchi za chop bar zilikuwa wazi kwa Mga na Mhausa, kwa karani na kuli, wala mtu hakuulizwa katoka wapi bali ataka madonge mangapi. Usawa ambao serikali ziliutafuta kwa barua na karamu ulikuwa umekwisha kutendwa na wanawake wasioitwa kwenye karamu yo yote.

Miaka ya njaa

Isidhaniwe kwamba habari hii ni ya neema tupu. Mwaka wa 1972 serikali ya Acheampong ilianzisha kampeni ya nchi kujilisha yenyewe, lakini kufikia mwisho wa muongo ule bidhaa ziliadimika na bei zikapaa. Lawama iliangukia wanawake wa sokoni. Agosti 1979, baada ya mapinduzi ya tarehe 4 Juni, maaskari waliibomoa sehemu kubwa ya soko la Makola, kana kwamba ughali wa mahindi ulikaa ndani ya matofali.

Mwaka wa 1983 uliunganisha mabaya matatu: ukame, moto ulioteketeza mashamba, na kurudi kwa Waghana kama milioni moja waliofukuzwa Nigeria. Mji ulikonda. Mifupa ya mabega iliyojitokeza kwa njaa watu waliipa jina la mkufu wa Rawlings, kwa jina la mkuu wa nchi. Mwaka huo ulidhihirisha chop bar ni kitu gani. Pahali ambapo chakula huonekana na kunukia mbele ya watu wote, huonekana pia kikikosekana. Chungu kilichofunikwa cha jirani chaweza kuficha njaa. Benchi tupu haliwezi.

Hapa yafaa kukumbuka sikukuu kuu ya Waga, Homowo, ambayo jina lake maana yake ni kuizomea njaa. Siku hiyo hupikwa kpokpoi kwa mahindi na mawese, hunyunyiziwa wahenga na kugawiwa ndugu. Mji uliojifunza mapema kuuza chakula haukusahau kwamba kuna chakula cha kugawa. Mambo haya mawili hayapingani. Yote ni majibu ya watu wanaoijua njaa kwa jina.

Yaliyobaki kufanywa

Leo Accra ina mikahawa ya kila namna: ya Kilebanoni, ya Kichina, na ya kampuni za kigeni, ambazo kuku wao wa kukaanga walianza kuuzwa mtaa wa Osu mwaka wa 2011. Hoteli ya zamani ya Ambassador ilibomolewa, na mwaka huo huo wa 2011 mahali pake pakafunguliwa nyingine kubwa zaidi. Chop bar nazo zimebaki. Baadhi zimepata sakafu za vigae na wateja wanaokuja kwa magari ya fahari. Nyingine bado ni bati na mabenchi, na halmashauri ya mji huzibomoa kila inapoazimia kusafisha barabara.

Ubomoaji huo una hasara ambayo haihesabiwi. Hoteli ikibomolewa, picha zake na karatasi zake hubaki katika nyaraka za serikali. Chop bar ikibomolewa, hapana kinachobaki isipokuwa kumbukumbu ya aliyepika na maneno ya waliokula. Na akifa mpishi, na wateja wakitawanyika, mwandishi wa kesho atafungua nyaraka atakuta hoteli peke yake, naye ataandika kwa nia njema kabisa kwamba mikahawa ililetwa na Wazungu. Hivyo ndivyo kosa la kihistoria lizaliwavyo: halihitaji mwongo, lahitaji ukimya tu.

Kazi iliyo mbele yetu, sisi tushughulikao na lugha, ni kukusanya msamiati wa wapishi hawa wangali hai: majina ya vipimo, ya vyungu, ya namna za kuchacha kwa unga, ya wateja wanaokopa na wale wanaolipa, na majina ya kuchekesha yanayoandikwa juu ya milango. Kazi hiyo yafaa ifanywe Accra na watu wa Accra. Lakini somo lake si la Accra pekee. Katika miji yetu wenyewe wako mama lishe ambao wamelisha bandari, viwanda na ofisi kwa vizazi vingi, na ni machache mno yaliyoandikwa juu ya maneno yao. Kabla hatujamuuliza mwanahistoria kwa nini hakuwataja, yatupasa tujiulize sisi kwa nini kamusi zetu hazikuwasikiliza.